Mgeni wa theluji na baridi yetu ya Julai

Mama Mkubwa alishuka uwanja wa ndege wa Songwe wiki ya kwanza ya Julai akiwa na kaptula tatu, magauni mawili mepesi na kofia ya jua. Hakukosea yeye. Alipotuuliza kwa simu abebe nini, mimi ndiye niliyemjibu, "Njoo tu, baridi yetu wewe utaiona mchezo." Anatoka Tampere, Ufini, kwenye maziwa yanayoganda mpaka watu wanatembea juu yake. Nikajiuliza, mtu wa namna hiyo Mbeya itamfanya nini?

Naandika kwa ajili ya wenzangu wa Mbeya, Njombe, Makete na Iringa mnaotarajia mgeni wa nje kati ya Juni na Agosti. Watu wengi wa Ulaya hupata likizo miezi hiyohiyo, kwa hiyo hata usipopanga, atakukuta kwenye kipupwe. Sisi tulimpokea kwa moyo mweupe na maandalizi kidogo, na kosa moja nusura litutolee maiti nyumbani.

Nieleze kwanza kwa nini tunamwita Mama Mkubwa. Mdogo wangu alisoma Tampere miaka miwili, na msimu wake wa kwanza wa theluji aliishi nyumbani kwa huyu mama. Ndiye aliyemnunulia viatu vya theluji, akamshika mkono alipokuwa anajifunza kusimama juu ya skii, vile vibao vya kutelezea kwenye theluji, akamwekea taa kali mezani mwezi wa Desemba, maana kule Desemba jua linaonekana kwa saa tano na dakika chache tu kwa siku na kijana alikuwa ameanza kunyong'onyea. Mdogo wangu humwita dada. Dada yake ni dada yangu, tena kwa umri ni mkubwa kwangu, basi kwa watoto wangu ni mama mkubwa. Deni hilo nilikuwa nalo kifuani tangu siku ya kwanza. Nilitaka aione baridi yetu na michezo yake, kama alivyomwonyesha mdogo wangu ya kwao.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, nilimkuta sebuleni amejifunika blanketi mpaka kidevuni, midomo imebadilika rangi. Nje jua linawaka. Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema hapana, anasikia baridi, ila alikuwa anaona aibu kutuambia.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo hata mdogo wangu hakuwahi kunieleza vizuri. Kwao nje inaweza kuwa nyuzi 20 chini ya sifuri, lakini ndani ya nyumba ni nyuzi 20 na zaidi za joto. Kuta ni nene, madirisha yana vioo viwili au vitatu vilivyopandana, na nyumba nzima inapashwa moto usiku na mchana. Mtu anavaa, anatoka, anafanya shughuli zake, anarudi kwenye joto. Kwetu nje na ndani ni kitu kimoja. Usiku wa Julai hapa kwetu Uyole hushuka mpaka nyuzi 5 au 6, sakafu ni ya saruji, chumba chetu cha wageni hakina dari, na upepo unapita katikati ya ukuta na bati. Sisi tumeshazoea kulala na soksi na sweta. Yeye maishani mwake alikuwa ametembea kwenye baridi, hajawahi kulala ndani yake.

Siku hiyohiyo nikampeleka Mwanjelwa kwenye mitumba. Tulitafuta kwa muda wa saa mbili hivi. Alipata sweta zito la shilingi 8,000, suruali mbili za kitambaa kizito, na koti jekundu ambalo muuzaji alianzia 35,000 tukaishia 18,000. Alipolishika tu akaanza kucheka. Akanionyesha kijimfuko kidogo chenye zipu kwenye mkono wa kushoto, karibu na kiganja. Koti lilikuwa la watu wanaoteleza na skii milimani, na kijimfuko hicho ni cha kuwekea kadi ya kupandia lifti ya kukupeleka kileleni. Limetoka theluji, likavuka bahari kwenye belo, likamkuta mwenyewe Mwanjelwa. Alilivaa karibu kila siku mpaka anaondoka.

Kwa hiyo mwambieni mgeni mapema, tena kwa namba: usiku nyuzi 5, nyumba haina joto la kupashwa, lete nguo za kulalia nzito, soksi za sufi na kofia. Neno "baridi kidogo" halimsaidii, kila mtu ana kidogo yake. Na chumba chake kikague usiku wa manane, siyo mchana. Sisi baadaye tuliziba mianya ya juu ya ukuta kwa viroba na maboksi, tukaweka mkeka chini ya godoro na mwingine sakafuni, tukawa tunampa chupa ya plastiki ngumu yenye maji ya moto ya kulala nayo miguuni. Vitu hivyo vyote havikufika 20,000. Laiti ningevifanya kabla ya usiku wa tano.

Usiku wa tano baridi ilikuwa kali kuliko zote. Mama Mkubwa alikwenda kulala saa tatu. Mimi nikabaki jikoni namalizia maharage, na jiko la mkaa lilikuwa limekolea vizuri, halina moshi hata kidogo. Nikaona nimfanyie hisani. Nikaliingiza taratibu chumbani kwake, nikaliweka kwenye kona, mbali na shuka, nikafunga mlango ili joto lisitoke. Alikuwa amelala, hakunisikia. Nilikuwa naogopa moto tu. Kwa kuwa hapakuwa na moshi, niliamini hapakuwa na hatari.

Mtoto wangu wa kwanza ndiye aliyemwokoa. Saa nane usiku alikwenda chooni akasikia mtu anatapika na kitu kinaanguka. Tulipofungua mlango Mama Mkubwa alikuwa sakafuni, anajaribu kutambaa, anashika kichwa, maneno hayatoki. Mume wangu akambeba mpaka uani. Mimi nikatoa jiko. Nikiinama kulichukua nilisikia kizunguzungu mara moja, ndani ya pumzi chache tu. Hewa haikuwa na harufu yoyote.

Tulikodi bajaji mpaka hospitalini, akawekewa oksijeni mpaka kulipokucha. Daktari alitueleza bila ukali. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, na gesi hiyo inashika damu mahali ambapo oksijeni ingeshika, mtu anakosa hewa huku anapumua. Huanza na kichwa kuuma na kichefuchefu, kisha nguvu zinaisha, na aliyelala mara nyingi haamki kabisa. Mianya ile ya juu ya ukuta, ambayo nilikuwa nimepanga kuiziba siku inayofuata, huenda ndiyo iliyompa muda.

Nililia mbele yake. Yeye akanishika mkono, akasema kwao gesi hiyo ina jina ambalo hata watoto wanalijua, häkä. Wazee wa Kifini wenye majiko ya kuni huwakanya vijana wasifunge bomba la moshi kabla makaa hayajazima kabisa, maana ukifunga ili kuhifadhi joto, unaifungia ndani hiyo häkä. Angekuwa macho asingeniruhusu kuingia na jiko. Watu wa theluji wanalijua jambo hili, na sisi wenye baridi na mkaa kila nyumba bado tunaingiza majiko vyumbani. Kila Juni na Julai huku kwetu tunasikia msiba wa namna hii, halafu tunasimuliana kama ajali ya mbali. Jiko la mkaa lisiingie chumba cha kulala, hata ukiacha dirisha wazi kidogo, hata kwa nusu saa. Ota moto nje au jikoni penye uwazi, kisha ukalale na chupa yako ya maji ya moto.

Alipumzika siku tatu. Nilidhani ataomba kuondoka. Siku ya nne akauliza, "Tunaenda lini mlimani?"

Tukaanza na Ziwa Ngozi, kwa kuwa liko karibu. Unashuka Isongole kwenye barabara ya Tukuyu, unachukua mwongozaji wa kijijini, unapanda msituni mpaka ukingo wa kreta, lile shimo la volkano, na ziwa liko chini kabisa, kijani, kuta zinalizunguka. Tulichelewa kuondoka kwa sababu nililazimisha kila mtu ale chai nzito nyumbani. Tulipofika ukingoni ilikuwa saa saba mchana na ukungu umejaa kreta nzima kama maziwa kwenye bakuli. Hatukuona ziwa. Mwongozaji akatusimulia habari za wazee wa Kisafwa na Kinyakyusa juu ya maji yale, na nyoka anayesemekana kulinda mali waliyoficha Wajerumani. Mama Mkubwa akamsikiliza amekaa kwenye mzizi, miguu ina tope mpaka magotini. Kupanda Ngozi msimu huu ondokeni alfajiri, muwe juu kabla ya saa nne. Na viatu vya raba vya kawaida havifai, chini ya mianzi kunateleza hata kama mvua haijanyesha wiki nzima.

Kitulo ndiko nilikokuwa nimeweka matumaini yote. Nilikuwa nimemwandikia tangu Machi habari za Bustani ya Mungu, maua mpaka upeo wa macho, okidi za kila rangi, nikamtumia na picha. Sikumwambia, kwa sababu sikuwahi kufikiri, kwamba picha zile zilipigwa Februari. Maua ya Kitulo huchanua msimu wa mvua, Desemba hadi Aprili hivi. Julai uwanda wote ni majani makavu ya rangi ya dhahabu. Mimi niliyezaliwa mkoa huu, na Kitulo ikiwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, nilikuwa nakwenda mara yangu ya kwanza, kama mgeni wangu.

Tulikodi Noah kwa 150,000 kwa siku bila mafuta, tukapita Chimala na kupanda zile kona 57 za kwenda Matamba. Kona zile zina namba, na watoto walizihesabu kwa sauti mpaka mdogo wao akatapika kwenye ya 31. Chukueni mifuko, na msipande mkiwa mmetoka kula. Tulilala Matamba. Usiku ule hata sisi wenyeji hatukupata usingizi. Jueni pia kwamba mgeni wa nje hulipa kiingilio cha hifadhi kikubwa mara kadhaa kuliko mnacholipa ninyi, na malipo si ya fedha mkononi. Ulizeni kiwango cha mwaka huo kabla ya kuondoka nyumbani, msije mkaanza kuhesabiana pesa mbele ya mgeni getini kama sisi.

Alfajiri tulipofika uwandani nikaanza kumwomba radhi kwa ajili ya maua. Hakunisikia. Alikuwa ameshashuka garini. Majani yote yalikuwa meupe, kila jani limevaa sakitu, yaani umande ulioganda, na jua lilikuwa ndiyo kwanza linagusa vilima. Akapiga magoti akatoa mikono kwenye soksi alizokuwa amezifanya glovu, akashika majani, akawaita watoto. Akawafundisha kuandika majina kwa kidole juu ya boneti ya gari iliyofunikwa na barafu nyembamba. Akawapulizia pumzi ikatoka moshi. Akawaonyesha jinsi ya kutembea juu ya dimbwi lililoganda bila kuanguka: hatua fupi, uzito uwe juu ya mguu wa mbele, kama bata. Dimbwi lenyewe lilikuwa na upana wa meza, na barafu yake ikavunjika mara ya tatu. Lakini watoto wangu wameshateleza kwenye barafu, tena Tanzania, na aliyewafundisha ni mtu anayejua.

Tukiwa tunarudi, nje ya hifadhi, tulisimama kwa mkulima mmoja aliyekuwa ameinama kwenye vinyungu vyake, bustani zake za bondeni. Viazi vyake vya umwagiliaji vilikuwa vimeungua na sakitu ile ile, majani meusi kama yamemwagiwa maji ya moto. Mama Mkubwa alinyamaza. Kisha akamuuliza, mume wangu akitafsiri, kama huwa wanafunika. Baba yule akasema robo ya mbele alikuwa ameifunika kwa nyasi jioni na imepona, nyingine nguvu hazikutosha. Mama Mkubwa akamwambia baba yake mwenyewe alikuwa mkulima, na usiku wa sakitu ya Juni familia nzima ilikuwa ikiamka kufunika viazi kwa magunia. Walizungumza karibu nusu saa, wakiwa wamesimama tutani. Katika safari nzima ya mwezi ule, hayo ndiyo mazungumzo ninayoyakumbuka zaidi, na wala hayakuwa kwenye ratiba.

Kuhusu michezo, nilimwahidi mpira wa uwanja wa Sokoine, Mbeya City au Prisons, na wala sikuangalia kalenda. Julai ligi huwa imekwisha na mpya haijaanza. Kilichotuokoa ni ndondo. Kiangazi viwanja vya vijijini vikikauka vijana hucheza mashindano ya kugombea mbuzi, na kule Tukuyu kwa mama mkwe wangu yalikuwa yamefika nusu fainali. Mbuzi mwenyewe alikuwa amefungwa nyuma ya goli, anakula. Mama Mkubwa alisimama na akina mama, koti jekundu, akapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Msimpangie mgeni vitu vya kulipia tiketi tu. Ulizeni vijana wa bodaboda, wao ndio wanajua mechi iko wapi leo.

Kwa mama mkwe tulikaa siku nne, na huko ndiko alikokaa kwa raha kuliko sehemu zote. Jikoni kwa mama ni nyumba ya pembeni, mafiga matatu, juu kuko wazi moshi unatoka. Manyunyu ya Tukuyu yanaanguka nje, ndani tunamenya ndizi za mbalaga na kuchoma mahindi. Nilikuwa nimemfundisha asubuhi kusalimia kwa Kinyakyusa "mugonile" na kushukuru "ndaga fijo", na mama alipoyasikia akamvutia kigoda cha karibu na moto, ambacho hakuna mkwe anayepewa. Mama Mkubwa akasema joto lile la uso na miguu linamkumbusha sauna, chumba cha joto kali cha kwao. Akaanza kutusimulia jinsi wanavyokaa humo mpaka jasho litiririke, kisha wanatoka mbio kuingia kwenye tundu walilokata kwenye barafu ya ziwa, halafu wanarudi kwenye moto.

Mama mkwe akanyamaza muda, akaniambia nimuulize: "Na watoto hawazami?" Akajibiwa kwamba hawaendi peke yao, na kwamba barafu hupimwa unene kwanza. Mama akaridhika. Akasema basi ni watu wenye akili.

Mwisho tukateremka Matema kupasha mwili joto, maana Ziwa Nyasa liko chini sana na Kyela ni joto hata Julai. Tulifika Jumamosi tukakuta soko la Lyulilo, akanunua chungu cha akina mama wa Kikisi. Upepo wa mwera ulikuwa mkali, hatukupanda mtumbwi. Kuna kosa moja huku nisiloweza kulipita. Tulikuwa tumemwambia Mbeya ni baridi, mbu hakuna, akaacha dawa zake za kuzuia malaria kwao. Kyela mbu wapo wengi. Tulimlaza kwenye chandarua, tukampaka dawa ya mbu, na alipofika kwao alikwenda kupima kwa wiki kadhaa. Alikuwa salama. Mgeni anayekuja Mbeya lazima umhesabie na Kyela, hata kama hujapanga kumpeleka.

Jumla nilikuwa nimetenga 600,000. Zilitoka karibu 1,100,000, na hapo za hospitali alikataa tulipe sisi, akalipa mwenyewe. Gari ndilo lililotumaliza. Aliondoka Julai 30, siku mbili kabla ya maonyesho ya Nane Nane kufunguliwa hapa kwetu kwenye viwanja vya John Mwakangale, kilometa chache kutoka mlangoni petu. Ng'ombe, mbegu, ngoma, watu wa mikoa yote ya nyanda za juu, vyote akavikosa kwa sababu sikumwambia mapema asogeze tiketi. Safari ijayo nimeshamwambia aje Julai 20 aondoke Agosti 9.

Koti jekundu aliliacha, analivaa mwanangu wa kwanza na mikono ameikunja mara mbili. Septemba kikaja kifurushi posta. Ndani mlikuwa na glovu za watoto na kidude cheupe cha duara kinacholia kikisikia häkä. Mume wangu alikipigilia ukutani kwenye korido, urefu wa uso, kati ya chumba cha wageni na cha watoto. Kila mwanzo wa Mei nakibonyeza kuhakikisha betri inafanya kazi, kisha nakwenda kwa jirani zangu wenye watoto wachanga, nabisha hodi, nauliza jiko lao linalala wapi.